Kioo safi, kidonda puani: jinsi ya kuwakinga nyoka, kenge na kobe wanaofugwa

Kila asubuhi, kabla ya wageni kuingia, siku ya mhudumu wa bustani ya nyoka huanza kwa ndoo ya maji na kitambaa. Hupangusa vumbi, alama za vidole vya watoto waliotembelea jana na, wakati mwingine, michirizi myembamba iliyokauka upande wa ndani wa kioo. Vumbi na alama za vidole hazina neno. Ile michirizi ya ndani ndiyo ingefaa kutazamwe kwanza kabla ya kufutwa, kwani mara nyingi ni dalili ya mapema kwamba mnyama alikesha akisukuma kioo kwa pua, akitafuta njia ya kutoka.

Jambo hili huonekana dogo hadi siku chatu anapoacha kula. Akikaguliwa, gamba la ncha ya pua limelika, nyama iko wazi na mdomo umeanza kuvimba. Jeraha ambalo lingezuiwa kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye kioo sasa linahitaji daktari wa mifugo, dawa za wiki kadhaa na bahati.

Kaunti ya Kilifi ina sababu ya kulijali suala hili. Kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa Watamu mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda, kinajulikana kote Afrika Mashariki. Mwaka 2007 wanasayansi walipotambua kwamba swila mkubwa anayetema sumu, apatikanaye huku kwetu, ni aina ya peke yake, walimpa jina Naja ashei kwa heshima ya Ashe. Wageni na wanafunzi wanaotembelea bustani za nyoka hapa Pwani huona kwa macho yao moma, koboko na swila ambao pengine wangewajua tu kwa habari za msiba. Zaidi ya hayo, dawa ya kutibu walioumwa na nyoka hutengenezwa kwa sumu inayokamuliwa kutoka kwa nyoka wanaofugwa, na nyoka mwenye kidonda mdomoni hafai kukamatwa kichwa na kukamuliwa. Afya ya pua ya nyoka, basi, inamgusa hata mkazi ambaye hataki kumwona nyoka maishani mwake.

Mnyama haoni ukuta, anaona njia

Porini hakuna kitu kigumu kinachopitisha mwanga. Jiwe ni gumu na huziba macho; maji na majani hupitisha mwanga lakini mwili hupenya. Kwa hiyo nyoka au kenge akiona mwanga, miti na watu upande wa pili, maana yake kwake ni moja tu: hapo pako wazi. Anasogea, anagonga, anajaribu tena kando kidogo. Binadamu akigonga mlango wa kioo benki mara moja hujikumbusha siku nyingine. Wanyama hawa wengi hawafikii hapo, na wengine huendelea kusukuma pale pale kwa miezi.

Tena pua ndiyo chombo chao cha kazi. Nyoka hana mikono ya kupapasa ufa wala kusogeza jani. Hutanguliza ncha ya pua, akasukuma, na mwili ukafuata. Ndiyo maana michirizi mingi huonekana kwenye pembe za kizimba na kwenye uwazi mwembamba ambapo vioo viwili vya kuteleza hupishana. Uwazi huo hupitisha hewa, na hewa huleta harufu ya panya waliohifadhiwa chumba cha pili. Kwa nyoka mwenye njaa, hiyo ni kama harufu ya pilau kutoka kwa jirani.

Si wote wanaoumia sawasawa. Moma ni mvivu wa kutembea. Anaweza kukaa mahali pamoja kutwa nzima akivizia, na ni nadra kumkuta na pua iliyochubuka. Wanaoumia zaidi ni nyoka wembamba wenye mbio wanaowinda mchana, mfano wa nyoka wa mchanga, pamoja na kenge, ambaye porini hutembea masafa marefu akitafuta chakula. Chatu yuko katikati. Mchana hutulia hata mgeni akadhani ni sanamu, lakini usiku huanza safari zake, wakati ambapo hakuna mtu wa kumwona. Kundi lililo hatarini kuliko yote ni la wanyama waliotoka porini karibuni. Mnyama aliyeanguliwa kizimbani huwa na utulivu kidogo. Aliyeletwa juzi kutoka kwenye shamba la mihogo hajui lolote isipokuwa kutoroka.

Kinyonga ana shida yake ya pekee. Ni mnyama anayependa kuishi peke yake, na akiona kinyonga mwingine hubadilika rangi, hujivimbisha na kujiandaa kwa vita. Ndani ya kasha la kioo humwona adui huyo kutwa nzima, kumbe ni sura yake mwenyewe. Kadiri taa ya ndani inavyong'aa kuliko chumba cha nje, ndivyo kioo kinavyogeuka kuwa cha kujitazamia. Kwa kinyonga, ushauri ni mfupi: asiwekwe kabisa ndani ya kasha la vioo pande zote.

Kidonda kinavyoendelea

Mwanzoni ncha ya pua hupauka tu, kama ngozi iliyosuguliwa kwa msasa. Hatua hii hudumu siku kadhaa na ndiyo wakati mzuri wa kuchukua hatua. Baadaye gamba la mbele hukatika na wekundu huonekana. Kwa nyoka, hapo hapo ndipo penye upenyo mdogo ambao ulimi hupitia bila mdomo kufunguka. Ulimi huo hukusanya harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, na kwa njia hiyo nyoka hutambua chakula, adui na mwenzake. Chatu huwa pia na vishimo vya kuhisi joto kwenye magamba ya mdomo, anavyovitumia kumpata panya au ndege gizani. Sehemu hiyo ikivimba na kuziba, mnyama amepoteza kwa mpigo mmoja mengi ya yale yanayomwongoza kwenye chakula. Kugoma kula kunakofuata si ukaidi.

Usaha wa wanyama hawa pia si kama wa ng'ombe au mbuzi. Hautiririki. Huganda ukawa mgumu kama chizi, ukajishindilia kwenye fizi na kando ya meno, na dawa ya kupaka haiufikii. Maambukizi yakiingia kwenye mfupa wa taya, tiba huwa ndefu na pengine ya upasuaji, na hata anayepona huweza kubaki na pua iliyopinda maisha yake yote. Kwa sababu joto la miili yao hufuata joto la mazingira, mnyama aliyewekwa mahali pa baridi hupona polepole sana, au hafanyi nafuu kabisa.

Kuziba sehemu ya kioo

Kinga ya kwanza ni kumfanya mnyama akione kioo. Haihitaji vifaa vya kuagiza kutoka nje. Fundi yeyote wa vioo mjini Malindi, Kilifi au Mtwapa ana stika ile ya rangi ya maziwa inayobandikwa kwenye vioo vya ofisi na zahanati. Ukanda wake ukibandikwa upande wa nje, chini ya kioo, mnyama huona kitu kizito mbele yake na mara nyingi hugeuka. Asiyeweza kununua stika atumie karatasi ya kaki, gazeti au rangi ya maji iliyopakwa nje. Kubandika ndani si vizuri, kwani gundi na vipande vya karatasi vinaweza kumnasa au kumezwa.

Swali ambalo wafugaji huuliza ni ukanda uwe wa kimo gani. Jibu liko kwenye ile michirizi ya asubuhi. Kioo kipanguswe jioni wakati wa kufunga, kisha kitazamwe mapema kesho yake kabla ya kuguswa. Pale palipo na michirizi ndipo pa kuzibwa, na kuongezwa upana wa kiganja juu yake na kando. Kwa kobe na mijusi wa ardhini, ukanda uzidi kimo cha kichwa kilichoinuliwa kwa angalau nusu tena. Kwa nyoka anayepanda, ukanda wa chini hautoshi. Zibeni pia pembe zote mbili kutoka chini hadi juu, na mstari wa pale vioo vinapopishana. Uwazi wa hapo ufungwe kwa mpira laini wa dirisha ili harufu isipite.

Kizimba chenye vioo pande zote nne hakina faida kwa mtu yeyote. Mgeni hutazama kutoka upande mmoja tu. Pande tatu nyingine zizibwe kabisa, iwe kwa mbao, rangi au ukuta, na mnyama apate mgongo wa kuegemea. Hatua hii peke yake hupunguza mahangaiko kwa kiasi cha kushangaza, na ni ajabu kwamba bado inapuuzwa.

Kwa mnyama mgeni, kioo chote kizibwe kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo karatasi ishushwe kutoka juu kidogo kidogo, upana wa vidole vitatu au vinne kila baada ya siku kadhaa, huku pua ikichunguzwa. Akianza kusukuma tena, karatasi irudishwe juu. Mwenye bustani anayetaka kumwonyesha chatu mpya kwa wageni wikendi hiyo hiyo ataona ni hasara, lakini chatu mwenye kidonda huondolewa machoni pa wageni kwa miezi.

Wapo wanaodhani dawa ni kung'oa kioo na kuweka waya. Waya wa kuku ni mbaya zaidi: una ncha, una kutu, na matundu yake yanatosha pua kuingia na kusaga magamba kila anaposukuma. Mahali panapohitaji hewa, wavu uwe laini wenye mipako ya plastiki, uvutwe ukaze, na matundu yawe madogo kuliko ncha ya pua ya mnyama. Neti ya kivuli inayotumika kwenye vitalu vya miche inafaa kwa kinyonga na wanyama wengine wadogo wasio na nguvu, lakini haitamzuia kenge mwenye kucha.

Kwa nini anataka kutoka?

Kuziba kioo huzuia jeraha, lakini mnyama anayezunguka usiku kucha ana sababu. Mfugaji mzuri huitafuta.

Sababu ya kawaida ni kukosa maficho. Nyoka anayelala mahali peupe huishi kwa hofu, hata kama hakuna wa kumdhuru. Kila kizimba kiwe na maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili mnyama asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto analohitaji. Hapa Pwani vifaa havikosekani: chungu kilichovunjika mdomo, gogo lenye uwazi, rundo la makumbi, au boksi la mbao lenye tundu moja. Maficho mazuri ni yale yanayombana kidogo hadi mwili wake uguse kuta.

Joto ni la pili, na katika kaunti hii tatizo mara nyingi ni kuzidi kwa joto. Msimu wa kaskazi, kasha la kioo lililo chini ya mabati, au lililopigwa na jua la saa nane, hugeuka tanuri. Mnyama anayekimbia kandokando ya kioo kwa kasi huenda anatafuta kivuli, na akichelewa kukipata atakufa. Chatu anahitaji upande wa joto wa nyuzi 30 hadi 32 za selsiasi, na upande wa pili wenye nyuzi 24 hadi 26. Vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa kimoja kilichotundikwa juu katikati hakisemi lolote la maana. Balbu ya joto ifungiwe nje ya wavu, asije akajisokota juu yake na kuungua.

Nafasi nayo ina uzito wake. Nyoka aweze kujinyoosha akiwa ndani, yaani urefu wa kizimba usipungue urefu wake. Chatu wa mita 3 ndani ya kasha la mita moja na nusu atasugua pua hata kama vioo vyote vimepakwa rangi. Hata hivyo ukubwa peke yake hautoshi. Ukumbi mkubwa mtupu wenye kioo cheupe kutoka ukuta hadi ukuta ni mbaya sawa na kasha dogo, kwa sababu mnyama hufuata kioo kama mtu anavyofuata ua akitafuta lango. Matawi na magogo yawekwe yakikatiza njia hiyo, hasa mbele ya pembe anayoipenda, ili safari yake igeukie ndani.

Kenge anastahili neno la ziada. Ni mwerevu, ana njaa ya kazi, na uchovu wa kukaa bure humtesa kama kizimba kidogo kinavyomtesa. Wapeni udongo wa kuchimbua, angalau kina cha goti, na beseni la maji linalomtosha mwili mzima. Chakula kifichwe chini ya majani au ndani ya gogo ili atumie nusu siku kukitafuta. Kenge anayechimba hana muda wa kioo.

Majira ya kuzaana hubadilisha hata mnyama mtulivu. Dume huzunguka akitafuta jike. Jike mwenye mayai hutafuta mahali pa kutagia na kuyalinda, na chatu jike anaweza kutaga mayai 20 hadi 50 au zaidi. Akiwa kizimbani bila boksi lenye udongo au majani yenye unyevu, atasukuma kioo hadi damu itoke. Vivyo hivyo mnyama mwenye kupe au utitiri kwenye magamba ya uso hujisugua kwa muwasho, na hapo dawa ni kuwaondoa wadudu, kwani kuziba kioo hakutamsaidia.

Kuna msuguano mmoja ambao ni wa kawaida. Nyoka anapokaribia kujivua ngozi, macho yake huwa na ukungu wa buluu kwa siku kadhaa, kisha hung'aa tena, na ndipo anaposugua pua ili ngozi ianze kuachia mdomoni. Apewe jiwe lenye mikwaruzo kiasi au gogo lenye magome, la sivyo atatumia ukingo wa mlango.

Kobe haonekani kuwa mnyama wa kujiumiza, lakini naye hutembea kandokando ya ua unaoonyesha nje kutwa nzima, akisukuma kichwa kwenye kila tundu. Ubao wa kimo cha sentimita 30 uliozungushwa chini ya wavu humtuliza siku hiyo hiyo.

Akishaumia

Mnyama mwenye jeraha ahamishiwe kwenye boksi safi lenye giza, kuta laini na joto linalomfaa. Sakafu iwe ya karatasi badala ya mchanga au vumbi la mbao, ambavyo hunata kwenye kidonda. Kidonda kioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kiasi cha kijiko kidogo kimoja kisichojaa sana kwa nusu lita, kisha dawa ya ayodini iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Marhamu ya binadamu yenye dawa ya kufisha ganzi yasipakwe. Asilishwe panya hai, kwa kuwa panya huuma, na asilazimishwe kula kwa kufunguliwa mdomo.

Mwenye nyoka wa sumu asijaribu lolote kati ya haya bila mtu aliyefunzwa kuwashika. Na mnyama yeyote mwenye uvimbe, harufu mbaya mdomoni, au usaha mgumu kwenye fizi apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Jeraha la juu juu hufutika kadiri anavyojivua ngozi, lakini ikumbukwe kwamba nyoka mkubwa hujivua mara chache tu kwa mwaka.

Chatu akinaswa kwenye banda la kuku

Wakazi wengi hawatawahi kumiliki kizimba cha kioo, na sheria haiwaruhusu kuanza kesho. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na vibali hutolewa kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS). Chatu aliyeokotwa mtoni hafugwi nyumbani kwa sababu tu ni mpole.

Hata hivyo jeraha hili hili hutokea vijijini kwa njia nyingine. Chatu huingia banda la kuku usiku, humeza kuku wawili, na tumbo lililojaa humzuia kutoka alikopitia. Asubuhi kijiji kizima kimezunguka banda. Watoto wanapiga kelele, wengine wanachokoa kwa fimbo, na nyoka anajitupa kwenye waya tena na tena. KWS wanapofika, mnyama wanayemchukua kumrudisha porini hana pua.

La kufanya ni kuwaondoa watu, mbuzi na mbwa, kisha kupiga simu kituo cha KWS kilicho karibu au kumjulisha chifu. Ikiwa ni hakika kwamba ni chatu na banda limefungwa, turubai au magunia yatupwe juu ya banda kutoka mbali kidogo, hewa ikiachwa ipite. Giza litamtuliza upesi. Asimwagiwe maji wala moshi usitumiwe. Ikiwa haijulikani ni nyoka wa aina gani, banda lisisogelewe kabisa, kwa maana swila hutema sumu umbali unaozidi mita mbili na hulenga macho.

Wageni, walimu na watoto wafupi

Nyoka hana masikio ya nje, lakini huhisi mtikisiko kupitia taya na mwili. Kidole kinachogonga kioo ni kishindo kwake. Wapo wanaojikunja na wapo wanaorusha kichwa, na swila au chatu anayepiga kioo kwa mdomo wazi huvunja meno na kupasua fizi. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akigonga mara moja, limetosha kuharibu kazi ya mwezi mzima ya mhudumu. Walimu waseme na wanafunzi kabla ya kushuka basini, kwani ndani ya ukumbi msisimko hushinda maonyo. Kizuizi cha kamba au mbao kilichowekwa mita moja mbele ya kioo husaidia kuliko mabango matano.

Ukanda uliobandikwa chini ya kioo huleta malalamiko ya aina moja, na ni ya haki: watoto wadogo hawaoni. Mtoto wa chekechea anayesimama mbele ya stika ya rangi ya maziwa amelipiwa kiingilio kutazama ukungu. Bustani zinazojenga vizimba vipya ziinue sakafu ya mnyama hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima, kisha ziweke jukwaa la mbao lenye ngazi mbili nyuma ya kizuizi. Kwa vizimba vya zamani, jukwaa hilo peke yake litatosha, likiwa na kibao kidogo kinachoeleza kwa nini sehemu ya chini imezibwa. Watoto hukielewa upesi. Wengi wao wamewahi kugonga pua kwenye mlango wa kioo.